Denis Burkitt, daktari aliyetetea chakula chenye nyuzi
Wengi wanaotaka kupunguza kilo hapa Uvira hukata bugali nusu, kisha njaa inawarudisha kwenye sufuria. Daktari Denis Burkitt alitazama kwanza kilichomo kwenye sahani. Alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja utotoni, lakini akawa mpasuaji Uganda kuanzia 1946. Huko alieleza saratani ya watoto inayobeba jina lake. Aliporudi Uingereza mwaka 1966, alilinganisha magonjwa ya huko na ya vijijini Afrika, akalaumu unga uliokobolewa. Nyuzi hushibisha mapema. Alifariki mwaka 1993, akituachia somo jepesi: bugali kidogo, lenga-lenga na maharagi kwa wingi.