Muyaka wa Mwinyi Haji, Bingwa wa Majibizano

Kila zama zina michezo yake, lakini uko mchezo mmoja ambao sisi watu wa pwani hatukuuazima kwa mtu. Nao ni kutolewa jambo moja mbele ya mafundi, kila fundi akaja na utungo wake juu ya jambo hilo hilo, kisha watu wakasikiliza na kupima. Siku hizi huko ng'ambo wako wapenzi wa muziki wapigao gitaa dogo la nyuzi nne liitwalo ukulele. Hawapigi kwa mshahara bali kwa kujifurahisha, na hupeana mada, kila mmoja akaleta wimbo wake. Vijana wetu wa Diani na Ukunda wakisikia habari hizo huvutiwa nazo, na wengine hudhani kuwa ni uzushi wa leo.

Sina neno na gitaa wala na vijana. Nataka tu wajue kwamba ukulele ilizaliwa visiwa vya Hawaii baada ya mwaka 1879, walipofika huko Wareno wa kisiwa cha Madeira na vigitaa vyao. Wakati huo bingwa wetu wa mchezo huu, Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, alikwisha kulala kaburini yapata miaka 40. Habari zake ndizo nizipendazo kuwasimulia wasomaji wangu leo.

Muyaka, ambaye wenyeji walimwita Muyaka wa Mwinyi Haji, alikuwa mtu wa Mombasa, na inakadiriwa kuwa alizaliwa kwenye mwaka 1776. Wakati huo Mombasa ilikuwa mikononi mwa Mazrui, waliokaa Ngomeni na kutawala kwa kushauriana na masheikh wa miji. Kabla yake mashairi mengi yaliyohifadhiwa kwa maandishi yalikuwa tenzi za dini, za maisha ya Mtume na za mawaidha. Muyaka hakuiacha dini yake, lakini aliliongoza shairi likatoka msikitini likaingia sokoni, barazani na bandarini. Alitunga juu ya vita na siasa, juu ya mapenzi na ndoa, juu ya ufukara, juu ya marafiki wanaogeuka, hata juu ya kimya. Jambo lolote lililozungumzwa mjini lilikuwa halali kwa kalamu yake.

Chombo chake kilikuwa ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane huku na nane huku, na vina vya kati na vya mwisho. Umbo hilo ndilo tulitumialo mpaka leo, na ukilitazama utaona kuwa linafaa sana kwa majibizano. Mshairi mmoja hutupa ubeti wenye hoja au fumbo. Anayetaka kujibu hana ruhusa ya kukimbilia bahari nyingine. Hushika mizani zile zile, na fundi wa kweli hushika hata vina vile vile, kisha ndani ya kamba hiyo aliyofungwa na mwenzake akaleta maneno yake mwenyewe. Basi huwezi kumjibu mtu ambaye hukumsikiliza. Sharti uusome ubeti wake neno kwa neno, ujue kina chake kimesimama wapi, ndipo upate pa kumshika. Hata adui yako, kwa kanuni hii, lazima umsikilize mpaka mwisho.

Na Muyaka maadui alikuwa nao. Katika miaka ya uhasama baina ya Mombasa na Lamu, alitupiana beti na Bwana Zahidi Mngumi, mshairi na kiongozi wa Lamu. Huyu akijigamba kwa mji wake, na yule akijigamba kwa wake. Beti zilisafiri kwa majahazi pamoja na bidhaa, zikashuka bandarini, watu wakazihifadhi kwa moyo kabla jua halijatua.

Ningependa kusema kwamba maneno yaliwatosha, lakini historia haisemi hivyo. Kwenye mwaka 1812 au 1813 jeshi la Mombasa na wenzao wa Pate lilishuka Shela kuupiga mji wa Lamu. Watu wa Lamu wakawashinda. Waliposhindwa walikimbilia pwani, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimepwelewa mchangani, na wengi wakauawa pale pale ufukweni. Ndipo Lamu ikataka himaya kwa Seyyid Said wa Oman, na mlango huo ukamkaribisha Afrika Mashariki.

Siku hizo hata watawala walijua lugha ya mafumbo. Tarehe za Mombasa husimulia kwamba Abdallah bin Ahmad, aliyeshika utawala mwaka 1814, alipotakiwa kodi na Seyyid Said hakupeleka fedha. Alimpelekea deraya, baruti kidogo, marisasi na kibaba. Haikuhitajiwa barua. Hilo nalo lilikuwa shairi lililotungwa kwa vitu badala ya maneno, na lilikuwa na jibu lake, ila jibu hilo lilikuja kwa merikebu.

Muyaka aliziona siku zile zote. Aliiona bendera ya Kiingereza ikipandishwa Mombasa mwaka 1824 na nahodha Owen, ikateremshwa mwaka 1826. Aliziona merikebu za Seyyid Said zikija mwaka 1828 na mara nyingine baada yake. Katika miaka hiyo alikuwa kama mlinzi wa zamu. Alisifu ushujaa wa Mazrui na kuwaamsha watu wa mji wake wasilale, na palipostahili lawama aliwalaumu. Hakuwa mshairi wa kusifu tu ili ale. Lakini mwaka 1837 Mombasa ilianguka, kwa fitina za ndani zaidi kuliko kwa mizinga. Wakuu wa Mazrui walikamatwa wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas, na waliosalia wakagawanyika, wengine kaskazini Takaungu, wengine kusini huku kwetu Gazi.

Hapo ndipo habari za Muyaka zinapogusa ardhi yetu ya Kwale. Apitaye barabara ya kutoka Diani kwenda Msambweni hupita Gazi. Huko ndiko alikotawala Mbaruk bin Rashid, mtoto wa liwali wa mwisho wa Mazrui wa Mombasa. Aliwasumbua masultani wa Unguja, kisha akapigana na Waingereza mpaka mwaka 1896, na akafariki Dar es Salaam mwaka 1910. Watu waliohamia Gazi walihama na mali yao, na katika mali yao mlikuwamo mashairi. Huku kusini walikuta wenyeji wasiokuwa wageni wa mchezo huo. Wavumba na Washirazi wa Vanga na Wasini walikuwa na nyimbo zao, na ndugu zetu Wadigo ngoma zao, ambamo mwimbaji humchokoza mwenzake na mwenzake akajibu.

Muyaka mwenyewe inakadiriwa alifariki kwenye mwaka 1840. Hakuacha kitabu. Yaliyobaki yalikuwa vifuani mwa watu na katika karatasi za khati ya Kiarabu zilizotawanyika majumbani. Zaidi ya miaka 40 yakaishi hivyo, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah Al-Batawi, mtu wa Mombasa na mjuzi wa lugha, alipoyakusanya kwa wazee na kuyafafanua. Alishirikiana na William Taylor, padri wa Kiingereza aliyekuwa akikaa mjini humo. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Maandishi hayo yakaenda London, na mwaka 1940, karne nzima baada ya mauti ya mshairi, William Hichens akatoa diwani ya Muyaka, ikapigwa chapa Afrika Kusini. Kisha Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake kikubwa juu ya mashairi hayo, mwaka 1979.

Hebu mtazame, ndugu zangu, uzi ulivyokuwa mwembamba. Lau Mwalimu Sikujua angechelewa miaka 20, wazee wale wangekwisha, na leo tungekuwa na jina la Muyaka tu.

Nasema hivi kwa sababu yapo yaliyokwisha kukatika. Nilipokuwa nikisoma chuoni Msambweni, wakinamama waliokuwa wazee wakitupiana mafumbo arusini, na sisi watoto tulisikiliza dirishani. Baadaye, nilipoanza kazi ya kuandika, nilimwendea bibi mmoja katika wao akanipa ubeti mzuri sana, nikauandika daftarini. Ubeti huo ni jibu. Umesimama imara, vina vyake havina kasoro, na kila mshororo unaonesha kwamba kuna mtu alikwisha kusema jambo zito kabla yake. Lakini bibi hakuukumbuka ubeti wa kwanza, wala hakujua ni nani aliyeutunga. Nimeuliza Gazi, nimeuliza Shirazi, nimeuliza Vanga. Ninalo jibu, swali limezikwa.

Basi kwa vijana wa Diani na Msambweni wenye magitaa na simu, rai yangu ni hii. Pangeni mashindano yenu, toeni mada, iwe bahari, iwe samaki, iwe subira, na kila mtu alete wimbo wake. Mwenye kujibu amsikilize kwanza anayemjibu. Na kabla ya mada ya kwanza, kila mmoja aende kwa mzee wa nyumbani kwao na simu ile ile, amwombe ubeti mmoja aujuao, aurekodi, aandike jina la mtunzi na jina la aliyejibiwa. Wazee wako bado, ila si wengi, na kila Ijumaa tunamsalia mmoja.

Mwenyezi Mungu amrehemu Muyaka wa Mwinyi Haji, na amrehemu Mwalimu Sikujua aliyetuwekea amana.