Corradino D'Ascanio: Mpenda helikopta aliyeuachia ulimwengu Vespa

Mhandisi Corradino D'Ascanio alifariki dunia mjini Pisa, Italia, mwezi Agosti 1981, akiwa na umri wa miaka 90. Nje ya duru za wahandisi, wachache walilifahamu jina lake, ilhali kazi yake ilikuwa imekwisha kupita mbele ya macho ya mamilioni ya watu duniani. Yeye ndiye aliyebuni pikipiki ya Vespa. Hata hivyo, sifa hiyo haikumridhisha. Alitamani akumbukwe kwa helikopta, mashine aliyoihangaikia tangu ujana wake, na ilimsononesha kuona kwamba walimwengu walikichagua kile ambacho yeye alikihesabu kuwa kazi ya pembeni.

Leo Vespa za miaka ya 1940 na 1950 zinatafutwa na wapenzi wa vyombo vya kale kwa bidii ya watu wanaotafuta vito. Hununuliwa zikiwa mikweche, hubadilishwa kwa nyingine, hufunguliwa hadi skrubu ya mwisho na kufufuliwa upya. Wanaoshinda na kukesha katika uraibu huo, mikono ikiwa imejaa grisi, wanakitukuza chombo ambacho mbunifu wake alikusudia kisimchafue mtu hata kidogo.

Kijana wa Popoli

D'Ascanio alizaliwa tarehe 1 Februari 1891 katika mji mdogo wa Popoli, mkoani Abruzzo, eneo la milima lililo katikati ya Italia. Tangu utotoni aliwachunguza ndege, akilinganisha uzito wa miili yao na upana wa mbawa zao. Alipofikisha umri wa miaka 15 alikuwa ameunda chombo cha kuruka kisicho na injini, akakijaribu katika vilima vilivyo jirani na kwao.

Mwaka 1914 alihitimu uhandisi wa mitambo mjini Turin, na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikamwingiza moja kwa moja katika kazi za ndege za kijeshi. Mwaka 1918 alikwenda Marekani pamoja na ndugu wa Pomilio, watengenezaji wa ndege waliokuwa wamehamishia shughuli zao Indianapolis. Hakukaa sana. Mwaka uliofuata alirejea Popoli na kufungua karakana yake mwenyewe.

Huko ndiko alikokutana na mtu aliyekuwa tayari kuigharimia ndoto yake. Mwaka 1925 D'Ascanio na tajiri mmoja wa eneo hilo, Baron Pietro Trojani, waliunda kampuni ya kutengeneza helikopta. Mashine zao ziliitwa DAT, kwa herufi za majina yao. Ya kwanza na ya pili hazikufua dafu. Ya tatu, DAT3, ilikuwa na mapanga mawili yaliyopandana juu ya mhimili mmoja, moja likizunguka kinyume cha jingine. Sababu yake ni rahisi kueleza, ingawa kuitekeleza ni kazi nzito: panga moja likizunguka peke yake, kiwiliwili cha chombo nacho hutaka kuzunguka upande wa pili. Mapanga mawili yanayopingana huzifuta nguvu hizo, chombo kikatulia.

Oktoba 1930, katika uwanja wa ndege wa Ciampino karibu na Roma, rubani Marinello Nelli aliipandisha DAT3 hadi mita 18, akakaa angani dakika 8 na sekunde 45, na kusafiri mita 1,078. Msomaji wa leo huenda akatabasamu, kwa kuwa kimo hicho hakiupiti mnazi mrefu. Lakini zilikuwa rekodi za dunia, zikatambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na zilidumu kwa miaka kadhaa. Kilichofuata hakikuwa utajiri. Fedha ziliisha, kampuni ikafungwa, na mwaka 1932 D'Ascanio akaajiriwa na Piaggio.

Piaggio wakati huo ilikuwa kampuni ya ndege. D'Ascanio aliitengenezea rafadha ambazo mapanga yake yaliweza kubadilishwa pembe wakati ndege inaruka, kazi iliyomjengea heshima kubwa katika fani hiyo. Hakuiacha helikopta, hata wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliendelea kuunda na kujaribu nyingine. Kisha mabomu ya Washirika yakakiteketeza kiwanda cha Pontedera, karibu na Pisa, na vita vilipokwisha Italia iliyoshindwa ikawekewa vikwazo vilivyoidhoofisha mno kazi ya ndege. Mhandisi wa anga akabaki bila anga.

Mashine ya mtu asiyependa pikipiki

Enrico Piaggio, aliyekuwa akiiongoza kampuni, alikuwa na wafanyakazi wengi na kiwanda kilicho magofu. Nchi nayo ilikuwa na barabara zilizobomoka na watu wasiokuwa na usafiri. Aliamua kutengeneza chombo cha magurudumu mawili ambacho mtu wa kawaida angeweza kukimudu. Jaribio la kwanza, lililofanywa na mhandisi Renzo Spolti na kupewa jina la utani Paperino, yaani bata Donald kama Waitalia wanavyomwita, halikumpendeza. Akamgeukia D'Ascanio.

Chaguo hilo lingeweza kuonekana la ajabu, kwa sababu D'Ascanio hakuzipenda pikipiki. Aliziona hazina raha, ni vigumu kuzipanda, mnyororo wake huchafua nguo, na gurudumu likipata pancha kulifungua ni adhabu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ilipo siri nzima ya Vespa. Mpenzi wa pikipiki angeitengeneza pikipiki iliyo bora zaidi. Huyu hakuwa na cha kuenzi, hivyo aliyachukua malalamiko yake moja baada ya jingine na kuyageuza kuwa michoro.

Mnyororo aliuondoa kabisa: injini ikawekwa ubavuni mwa gurudumu la nyuma, ikilizungusha bila mnyororo wa kulainisha wala wa kukaza. Gia alizihamishia kwenye usukani, mkono wa kushoto, ili dereva asiharibu viatu. Mbele ya kiti aliacha nafasi wazi ya kupitisha mguu, na kwa hiyo mwanamke mwenye sketi na padri mwenye joho waliweza kupanda bila kujitangaza. Wakazi wa pwani yetu, ambako kanzu na khanga ni vazi la kila siku, hawahitaji kuelezwa faida yake. Gurudumu la mbele lilishikwa na mkono mmoja tu wa chuma, kama tairi la ndege, na hivyo likafunguliwa kwa nati kadhaa kama la gari. La mbele na la nyuma yalilingana, kiasi kwamba moja la akiba lilitosha kwa yote mawili.

Jambo kubwa zaidi ni mwili wenyewe. Pikipiki za kawaida zilijengwa juu ya fremu ya mabomba. D'Ascanio alifanya kama afanyavyo mjenzi wa ndege: alilikunja bamba jembamba la chuma likawa ganda, na ganda hilo ndilo fremu. Hakuna uti wa mgongo mwingine uliofichwa ndani.

Hataza iliwasilishwa mjini Florence tarehe 23 Aprili 1946. Injini ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 98, nguvu za farasi zipatazo 3, gia tatu, na mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa. Inasimuliwa kwamba Enrico Piaggio, alipoliona umbo lake lenye kiuno chembamba na kuusikia mlio wake, alimfananisha na nyigu, ambaye kwa Kiitaliano ni vespa. Mwaka huo wa kwanza zilitengenezwa 2,484. Mwaka uliofuata 10,535. Mwaka 1956 ilitoka kiwandani Vespa ya milioni moja.

Baada ya nyigu, alikuja nyuki. Mwaka 1948 Piaggio ilitoa chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo, kilichotokana na Vespa na kubuniwa pia na D'Ascanio, kikaitwa Ape, yaani nyuki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilianza kutengeneza vyombo vya Piaggio kwa leseni, na kizazi cha nyuki huyo ndicho kilichovuka bahari kikatua kwetu. Abiria wa Dar es Salaam anayeita bajaji, na wa Mombasa anayeita tuktuk, wote wanakaa nyuma ya wazo la mhandisi wa Popoli. Vespa zenyewe hazikuwa ngeni katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, ambako za zamani zimekuwa sehemu ya mandhari.

Kutu, puti na namba za fremu

Nchini Italia, za miaka ya mwanzo ndizo zinazowakosesha usingizi wakusanyaji. Hutambulika kwa taa iliyokaa juu ya madigadi ya mbele. Katika miaka ya 1950 ilihamia kwenye usukani, na Waitalia huziita zile za awali faro basso, taa ya chini. Zile za miaka ya 1940 zina alama nyingine: gia zake huvutwa kwa fito nyembamba za chuma badala ya waya. Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyopanga bei. Mwaka 2017 Vespa ya mfululizo wa majaribio, yenye fremu namba 3, iliwekwa mnadani mtandaoni ikikadiriwa kuwa na thamani ya kati ya euro 250,000 na 300,000.

Wengi hawafiki huko. Wao huzunguka magulio ya spea, kama lile linalofanyika katika uwanja wa mbio za magari wa Imola, wakipekua masanduku ya kabureta, vioo vya taa na vifuniko vya injini vilivyopondeka. Mmoja ana usukani wa ziada na anatafuta kiti. Mwingine ana kiti na hana usukani. Ukaguzi huanzia kwenye namba: herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye fremu na kwenye injini zinapaswa kuwa za aina moja na kuafikiana na nyaraka, ama sivyo chombo kimeunganishwa kutoka viwili. Shirikisho la pikipiki la Italia lina rejista ya vyombo vya kihistoria, na kuingizwa humo kunadai uhalisia.

Kisha huja swali la mwili, na hapa uamuzi wa D'Ascanio wa mwaka 1946 unarudi kumdai mnunuzi. Kwa kuwa bamba ndilo fremu, kutu inayokula sakafu ya miguuni haiharibu sura tu, inadhoofisha mifupa. Soko limejaa Vespa zinazong'aa kama mpya, nyingi zikiwa zimepakwa rangi upya katika karakana za Asia, na baadhi yake zimeshonwa kwa vipande vya pikipiki mbili au tatu, mshono ukazibwa kwa puti na kufunikwa kwa rangi ya kuvutia. Mnunuzi mzoefu hubeba sumaku: penye puti nene haishiki vizuri. Asiyeijua hila hiyo hununua chombo kinachoweza kukatika katikati akiwa mwendoni. Fundi mwaminifu huivua rangi yote hadi chuma kitupu, hukata sehemu iliyooza na kuchomelea bamba jipya, huku mwili ukiwa umefungwa kwenye kiunzi usije ukapinda. Mwili uliopinda hauendi tena njia iliyonyooka, hata injini iwe nzuri vipi.

Wakusanyaji wenyewe hawaafikiani. Wapo wanaotaka Vespa irudi kama ilivyotoka Pontedera. Wengine husema rangi ya kiwandani, hata ikichubuka, haiwezi kupatikana mara ya pili, na kwamba kuifuta ni kuifuta historia. Mwandishi wa makala haya anaegemea upande wa hao wa pili, mradi tu sakafu ni nzima.

Kurudi kwenye mapanga

D'Ascanio mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa akiihusudu Vespa. Alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Pisa. Ndani ya Piaggio aliendelea kuitetea helikopta baada ya vita, lakini kampuni iliyokuwa ikiuza nyigu kwa maelfu haikuwa na sababu kubwa ya kumwaga fedha angani, na mradi huo ukafifia. Igor Sikorsky, huko Marekani, alikuwa amekwishachukua uongozi wa fani hiyo.

Mwaka 1964, akiwa na miaka 73, umri ambao wengi huwa wamestaafu zamani, aliiondoka Piaggio na kujiunga na Agusta, kampuni ya Italia iliyokuwa ikitengeneza helikopta. Huko alishughulikia helikopta ndogo ya kufundishia marubani, iliyorekebishwa baadaye kwa kazi za kilimo na kupewa jina lenye herufi za Agusta na D'Ascanio. Alikuwa anakaribia miaka 80, na alikuwa bado anachora mapanga.