Émile Baudot: karani aliyeipa herufi zamu yake

Jean-Maurice-Émile Baudot alizaliwa tarehe 11 Septemba 1845 katika kijiji cha Magneux, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto alisoma shule ya msingi ya kijijini, basi, hakuendelea zaidi. Alishika jembe hadi mwaka 1869, alipoingia idara ya telegrafu kama karani mwanafunzi.

Huko alifundishwa Morse, kisha mashine ya Hughes iliyochapa herufi kwenye utepe wa karatasi. Sisi wa lugha tuitazame Morse kidogo. Ndani yake E ni nukta moja tu, lakini herufi nyingine zina alama tatu au nne. Urefu haulingani, na mkono wa karani ndio unaoamua herufi ianze lini na iishe lini. Kila anapopumua, waya uliogharimu pesa nyingi unakaa bure.

Mfumo ambao Baudot aliuandikishia hati ya uvumbuzi mwaka 1874 ulizipa herufi zote urefu mmoja: alama tano, kila alama ikiwa ya aina mbili tu za umeme. Hapo hupatikana michanganyiko 32. Haitoshi kwa alfabeti na tarakimu pamoja, kwa hiyo miwili ilitengwa kwa kugeuza usomaji: mchanganyiko uleule ni herufi au tarakimu kulingana na kilichotangulia. Mwanaisimu hatashangaa. Hata É ilipata nafasi yake. Alikuwa Mfaransa, na jina lake linaanza nayo!

Kwa kuwa urefu ulilingana, waya mmoja uliweza kugawanywa. Brashi ilizunguka juu ya vipande vya shaba na kumpa kila karani zamu yake, wanne au hata sita kwa mzunguko mmoja, huku brashi ya upande wa pili ikilazimika kwenda nayo sambamba. Karani alibonyeza vitufe vitano, viwili kwa mkono wa kushoto, vitatu kwa wa kulia. Vitufe vilifungwa hadi brashi ipite, kisha vikaachiliwa kwa mlio mdogo: sasa, herufi nyingine. Akiwahi au akichelewa, herufi huharibika. Alitakiwa kufikisha takriban maneno 30 kwa dakika, kutwa nzima, kwa mdundo usio wake.

Idara iliutumia mfumo huo, ila msaada wake kwa mvumbuzi ulikuwa mdogo. Alipewa medali ya dhahabu kwenye Maonyesho ya Paris ya 1878. Mwaka 1880 aliiuza ili agharamie utafiti. Louis Victor Mimault alidai kwamba yeye ndiye aliyetangulia kubuni alama hizo tano. Mahakama ilimpa Mimault haki, kisha hukumu ikatenguliwa. Kwangu mimi, ubishi huo haumpunguzii Baudot kazi ya brashi na zamu.

Alioa mwaka 1890. Mkewe akafariki baada ya miezi michache. Yeye mwenyewe, mgonjwa tangu ujana, alifariki Sceaux tarehe 28 Machi 1903.

Jina lake limebaki katika baud, idadi ya alama zinazopita kwa sekunde. Wengi huichanganya na biti, ingawa katika mitambo ya leo alama moja huweza kubeba biti kadhaa. Ni kama kuhesabu silabi ukidhani unahesabu sauti.