Claude Monet na mtoto wa jicho

Mama na mlezi, bibi akianza kushindwa kuchambua mchele au kumtambua mjukuu wake mlangoni, hapa Nachingwea na Ruangwa husema ni uzee tu, tunamwacha akae. Mara nyingi ni mtoto wa jicho, na unatibika. Ndiyo yaliyompata Claude Monet, mchoraji maarufu wa Ufaransa.

Monet alizaliwa Paris mwaka 1840. Tangu 1883 aliishi kijiji cha Giverny, akichora bustani yake na mayungiyungi ya bwawani. Alipokaribia miaka 70, rangi zilianza kumchanganya. Mwaka 1912 madaktari walimwambia ana mtoto wa jicho macho yote mawili.

Kwa nini hutokea? Ndani ya jicho kuna lenzi, angavu kama kioo, iliyojengwa kwa protini. Protini za katikati ya lenzi hutengenezwa tangu mtoto akiwa tumboni na hazibadilishwi tena maisha yote. Kadiri umri unavyosonga, protini hizo za zamani huchakaa na kugandana. Lenzi huwa ya manjano, kisha ya kahawia, na mwanga hupita kwa shida.

Monet aliogopa upasuaji kwa miaka kumi. Alifikia kusoma majina kwenye vibomba vya rangi ili asikosee. Mwaka 1922 jicho la kulia lilibaki kuona mwanga tu. Rafiki yake Georges Clemenceau, daktari aliyewahi kuwa waziri mkuu, ndiye aliyemshawishi. Alipasuliwa jicho hilo mwaka 1923. Wakati huo lenzi iliondolewa bila kuwekwa nyingine, akahitaji miwani mizito, na rangi zilimsumbua kwa muda. Hata hivyo alirudi kazini, akaendelea na picha zake kubwa za mayungiyungi hadi karibu na kifo chake, Desemba 1926.

Siku hizi mgonjwa huwekewa lenzi ya bandia, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Hakuna dawa ya matone wala ya mitishamba inayoondoa mtoto wa jicho. Mpeleke mzee kituo cha afya apimwe na kupewa rufaa. Na ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto mchanga au mdogo, usisubiri akue: mpeleke hospitali mara moja.