Jean-Baptiste Colbert: Mhasibu Aliyeshika Hazina ya Mfalme

Wapo watu waliobaki katika historia kwa sababu ya vita walivyopigana. Jean-Baptiste Colbert amebaki kwa sababu ya madaftari ya hesabu. Tunamtazama katika makala hii kwa kuwa kila anayekabidhiwa mali ya wengine, iwe hazina ya nchi au sanduku la sadaka la kigango, hukutana na majaribu yaliyomkuta yeye.

Colbert alizaliwa mwaka 1619 mjini Reims, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, katika ukoo wa wafanyabiashara. Akiwa kijana alipelekwa Lyon kujifunza kazi kwa wenye benki, na huko akazoea taratibu za hesabu za kibiashara. Baadaye akaingia katika ofisi ya waziri wa vita, akajulikana kama mtu asiyechoka kazi na asiyependa maneno mengi.

Mwaka 1651 maisha yake yaligeuka. Kardinali Mazarin, waziri mkuu wa Ufaransa, alikuwa amekimbia nchi kwa sababu ya maasi, na mali yake ilikuwa imetawanyika. Alimkabidhi Colbert kazi ya kuikusanya na kuisimamia. Colbert alifuatilia madeni, akapanga hati na kuurudisha utajiri ule mkononi mwa mwenyewe. Mazarin alipofariki mwezi Machi 1661, alikuwa tajiri kuliko raia yeyote wa Ufaransa, na sehemu kubwa ya utajiri huo ilitokana na vyeo vyake serikalini. Madaftari yalikuwa safi. Swali la mali ile ilikotoka halikuwa na ukurasa wake.

Mazarin alikuwa amempendekeza Colbert kwa Mfalme Louis XIV, kijana wa miaka 22 aliyetaka kutawala mwenyewe. Msimamizi wa fedha wakati ule alikuwa Nicolas Fouquet, mtu mkarimu, mpenda fahari, aliyejenga jumba la Vaux-le-Vicomte lililomshangaza hata mfalme. Colbert alimwonyesha mfalme jinsi hesabu za serikali zilivyovurugwa. Septemba 1661 Fouquet alikamatwa. Kesi yake ilichukua miaka mitatu, na Colbert aliingiza mkono wake ndani yake, katika nyaraka na katika uendeshaji wake. Mwishoni mahakama iliamua Fouquet afukuzwe nchini. Mfalme akaibadilisha adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Fouquet alikufa gerezani mwaka 1680.

Hapa tunapaswa kutulia kidogo. Tuhuma kubwa dhidi ya Fouquet ilikuwa kuchanganya fedha za umma na zake. Mazarin naye alikuwa amefanya hivyo kwa miaka mingi, na aliyemtunzia hesabu ni Colbert. Ukweli wa daftari ulitumika kumwangusha mmoja na ukanyamazishwa kwa ajili ya mwingine.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuficha mema yake. Mwaka 1665 Colbert aliteuliwa kuwa mdhibiti mkuu wa fedha. Aliwabana waliokusanya kodi na kubakiza sehemu kubwa mikononi mwao, akapunguza riba za madeni ya serikali, na katika miaka michache mapato yaliyofika hazina yaliongezeka sana. Alimwandalia mfalme madaftari madogo ya kutiwa mfukoni, yenye muhtasari wa mapato na matumizi, ili aone hali ya nchi kwa kufungua kurasa chache. Mwaka 1669 alikabidhiwa pia wizara ya majini. Mwaka 1673 ilitolewa sheria ya biashara iliyowalazimu wafanyabiashara kutunza vitabu vya hesabu.

Lakini daftari halimzuii mfalme asiyetaka kulisoma. Mwaka 1672 Louis XIV alianza vita dhidi ya Waholanzi vilivyodumu miaka sita, na ujenzi wa Versailles uliendelea kumeza fedha. Colbert alilalamikia matumizi, kisha akaenda kutafuta fedha hizohizo. Alirudia mikopo na kodi alizokuwa amezipiga vita. Wakuu wengi walikuwa na msamaha wa kodi. Mzigo ukamwangukia mkulima.

Tena kulikuwa na watu waliohesabiwa kama vyombo. Ili kupata wapiga makasia wa merikebu za kivita, mahakimu walihimizwa kuwahukumu wahalifu wengi iwezekanavyo kwenda kufanya kazi hiyo. Colbert pia alianzisha maandalizi ya sheria ya watumwa katika makoloni ya Karibi, iliyotolewa mwaka 1685, miaka miwili baada ya kifo chake. Sheria ile iliamuru watumwa wabatizwe, na papo hapo ikawahesabu kuwa mali inayohamishika. Mwaka 1723 sheria ya namna hiyo ilitolewa kwa visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, ambako baadaye walipelekwa watumwa kutoka pwani yetu, wakiwemo waliopitia Kilwa.

Colbert alifariki tarehe 6 Septemba 1683. Wananchi walimchukia kwa sababu ya kodi, hata mwili wake ukazikwa usiku katika kanisa la Saint-Eustache, Paris, kwa kuhofia ghasia. Mfalme hakuendelea na yale madaftari ya mfukoni. Aliacha kuangalia, na alipofariki mwaka 1715 aliiacha nchi imezama katika madeni.

Tunajifunza nini? Wapo wanaodhani kwamba hesabu ni kazi ya dunia isiyomhusu mtu wa sala, na wapo wanaodhani kwamba hesabu zikilingana, dhamiri nayo imelingana. Maisha ya Colbert yanawajibu wote. Bila daftari, mali ya maskini hupotea kimyakimya. Lakini daftari lililo sahihi linaweza kuandika dhuluma kwa mwandiko mzuri. Siku tutakapokabidhiwa ufunguo wa sanduku, tuandike kila shilingi. Tukishamaliza kujumlisha, tuulize fedha hii imetoka kwa nani, na ni nani aliyelipa bila jina lake kuandikwa.