Aliyeanzisha kadi ya Krismasi aliacha nafasi ya kalamu

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, mjadala mmoja huzuka katika chumba tunakokunywa chai sisi wahadhiri. Je, kadi ya kumtakia mtu heri ya sikukuu iandikwe kwa mkono, au yatosha kununua iliyokwisha kupigwa chapa, maneno na yote? Wapo washikiliao kwamba kadi ya dukani ni salamu ya mvivu, kwa kuwa aliyeituma hakutoa chochote ila pesa. Wapo pia wajibuo kwamba mtu mwenye jamaa na marafiki 100 hana mikono 100, na kwamba afadhali salamu ya chapa kuliko kimya.

Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa wale wa kwanza. Desemba moja nilipokea kadi maridadi kutoka kwa shirika ambalo nimekuwa mteja wake kwa zaidi ya miaka 10. Ndani niliamkuliwa kwa jina la mteja mpendwa, na mahali pa sahihi palikuwa na sahihi iliyochapishwa ya mkubwa ambaye yamkini hajui kama ningali hai. Niliigeuza kadi hiyo mbele na nyuma nikitafuta hata nukta moja ya kalamu. Sikuiona. Nikaapa kwamba kadi za chapa ndizo zilizoiua salamu.

Kiapo hicho kilinitoka nilipoyasoma maisha ya bwana mmoja Mwingereza, Henry Cole, ambaye ndiye aliyeagiza kadi ya kwanza ya Krismasi kupigwa chapa na kuuzwa. Naomba nimsimulie msomaji maisha hayo, maana ndani yake mna jibu ambalo halikutajwa na upande wowote pale penye chai.

Cole alizaliwa katika mji wa Bath tarehe 15 Julai 1808. Alisoma katika shule ya Christ's Hospital, na mwaka 1823, akiwa kijana mdogo, aliajiriwa kuwa karani wa Francis Palgrave, mtaalamu wa hati za kale za serikali. Kazi yake ilikuwa kunakili. Enzi hizo, hati iliyohitajika mara mbili haikuwa na budi kuandikwa mara mbili, neno kwa neno, kwa kalamu na wino. Alipopata nafasi alijifunza kuchora kwa rangi za maji kwa msanii David Cox. Isitoshe, tangu mwaka 1822 alikuwa ameanza kuandika shajara, na desturi hiyo hakuiacha mpaka mwaka aliofariki. Basi tusidhani kwamba mtu huyu alikuwa adui wa mwandiko wa mkono. Huo ndio uliokuwa mkate wake.

Alikuwa pia mtu asiyeweza kuona mambo yakienda kombo akanyamaza. Hati za taifa lake zilikuwa zimetapakaa, nyingine zikiozea katika majumba yasiyofaa, ilhali tume iliyopewa jukumu la kuzitunza ikitumia fedha bila mpango. Cole aligombana na katibu wa tume hiyo, na mwaka 1835 akafutwa kazi. Badala ya kwenda zake, alishika kalamu akauanika uozo huo hadharani. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi mwaka 1836, na mwaka 1838 ikapitishwa sheria ya kuanzisha Ofisi ya Kumbukumbu za Umma. Karani aliyekuwa amefukuzwa akarudi akiwa mmoja wa wasaidizi wakuu wa mhifadhi.

Wakati huo huo alijitosa katika vita vingine, vya posta. Kabla ya mwaka 1840, aghalabu gharama ya barua nchini Uingereza ililipwa na mpokeaji, nayo ilitegemea umbali na idadi ya karatasi. Maskini aliyeletewa barua na mwanawe kutoka mbali huenda angelazimika kuikataa mlangoni kwa kukosa nauli yake. Mwaka 1837 Rowland Hill alipendekeza kwamba barua nyepesi ilipiwe peni moja tu popote iendapo ndani ya nchi, na kwamba mpelekaji ndiye alipe kwanza. Wafanyabiashara wa London walipounga mkono pendekezo hilo walimtwika Cole kazi ya uenezi, naye akahariri gazeti maalumu la kulipigania. Serikali ilipofanya shindano la kutafuta njia bora za kulipia barua, yeye alikuwa miongoni mwa watu wanne waliotuzwa pauni 100 kila mmoja.

Posta ya peni moja ilianza tarehe 10 Januari 1840, na stempu ya kwanza ikaanza kutumika tarehe 6 Mei mwaka huo. Katika mwaka huo mmoja idadi ya barua iliongezeka zaidi ya maradufu. Utaratibu huo ulisambaa ulimwenguni, na ulipofika pwani yetu mwaka 1890, stempu za kwanza za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki zilizotumika Mombasa zilikuwa zile zile za Uingereza, jina la kampuni likiwa limegongwa juu yake.

Mafuriko ya barua yaliyofunguliwa na Cole hayakumwacha Cole mwenyewe. Sasa yeyote mwenye peni aliweza kumwandikia, na adabu ya wakati ule ilidai kwamba salamu za Krismasi na mwaka mpya zijibiwe. Mtu huyo alikuwa akifanya kazi ya kumbukumbu mchana, na chini ya jina la bandia la Felix Summerly alikuwa akitunga na kuhariri vitabu vya watoto. Inaelezwa kwamba rundo la barua lilimshinda. Ndipo alipomwomba rafiki yake, mchoraji John Callcott Horsley, amchoree kadi moja ambayo ingeweza kupigwa chapa na kutumwa kwa wote.

Horsley alimletea mchoro huo jioni ya tarehe 17 Desemba 1843, kama Cole alivyoandika katika shajara yake. Katikati ipo familia kubwa mezani, wazee kwa watoto, wakiinua bilauri za divai kumwelekea yule anayeitazama kadi. Pembeni, upande mmoja wenye njaa wanalishwa, na upande wa pili walio uchi wanavikwa nguo. Chini yapo maneno ya kutakia Krismasi njema na mwaka mpya wa heri. Zilichapishwa nakala zipatazo 1,000. Cole alitumia alizozihitaji, na zilizosalia zikauzwa na mchapishaji Joseph Cundall kwa shilingi moja kila kadi. Shilingi ya siku hizo ilikuwa peni 12, yaani bei ya kadi moja ingetosha kutuma barua 12. Haikuwa bidhaa ya mnyonge, wala haikununuliwa kwa wingi. Tena ilishutumiwa na waliopinga ulevi, kwa sababu katika picha yumo mtoto anayenyweshwa divai.

Naomba msomaji atazame mambo mawili katika kadi hiyo. La kwanza ni kwamba rangi zake hazikutoka mtamboni. Mistari ilipigwa chapa, kisha kila nakala ikapakwa rangi kwa mkono, moja baada ya nyingine. La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni kwamba juu na chini ya picha Cole na Horsley waliacha nafasi mbili tupu, moja ya jina la apelekewaye na nyingine ya jina la apelekaye. Mtambo ulisema yale ambayo kila mtu angeyasema. Yale ambayo mtambo haukuyajua uliachiwa kalamu. Horsley mwenyewe, alipomtumia Cole nakala moja, mahali pa jina lake alijichora kwa udogo, akaongeza mwaka. Hakuhitaji kubuni heri mpya ili Cole atambue ni nani aliyemkumbuka.

Ndoa hii ya mtambo na mkono haikuwa ya bahati nasibu, kwani ndiyo imani iliyomwongoza Cole maisha yake yote. Mwaka 1846 seti yake ya vyombo vya chai ilishinda tuzo, naye akaendelea kuwahimiza wasanii wachore vitu ambavyo viwanda vingevitengeneza kwa wingi, ili uzuri usiwe mali ya matajiri peke yao. Pamoja na Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria, alikuwa mmoja wa waandalizi wakuu wa Maonyesho Makubwa ya mwaka 1851 jijini London. Maonyesho hayo, yaliyofanyika katika jengo la vioo lililoitwa Crystal Palace, yalitembelewa mara zaidi ya milioni 6, na kwa siku zilizotengwa mfanyakazi wa kawaida aliingia kwa shilingi moja. Faida iliyopatikana ilisaidia kununua ardhi ya South Kensington, ambako jumba la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1857. Cole alilisimamia mpaka alipostaafu mwaka 1873. Aliweka taa za gesi ili watu watokao kazini waweze kulizuru jioni, na akaweka pia mahali pa kula. Leo jumba hilo ladumu kwa jina la Victoria na Albert, na shajara zake zimehifadhiwa humo.

Alipewa cheo cha heshima na kuitwa Sir mwaka 1875. Tarehe 18 Aprili 1882 alifariki dunia, akiwa hajakamilisha kitabu cha kumbukumbu za kazi yake. Mwanawe na bintiye wakakimalizia, kikatoka mwaka 1884. Kufikia hapo kadi za Krismasi, ambazo mwaka 1843 zilidorora, zilikuwa zimekwisha kuwa biashara kubwa, mitambo ikiweza sasa kuchapisha rangi kwa bei nafuu.

Kisa hiki kina mkia. Mwezi Novemba mwaka 2001, mojawapo ya kadi zile za kwanza iliuzwa mnadani nchini Uingereza kwa bei isiyopungua pauni 20,000. Ni kweli kwamba zilizosalia ni chache mno. Lakini hiyo ilikuwa na jambo la ziada. Ilikuwa ndiyo ile ambayo Cole aliwapelekea nyanya yake na shangazi yake, nayo ilikuwa na mwandiko wake.

Nikirejea kwenye taaluma yangu ya isimu, naona kwamba wenzangu wanaodai kila salamu iwe na maneno mapya wanadai jambo ambalo lugha yenyewe hailijui. Tunapoambiana hujambo, hatubuni chochote. Neno hilo lilianza kwa kumuuliza mtu kama hana jambo lililomsibu, na sasa tunalitamka bila hata kuikumbuka maana yake ya asili. Wazee wa pwani waliandika barua zao kwa mkono, tena kwa hati za Kiarabu zilizopendeza, lakini mistari ya mwanzo ya sifa na salamu ilikuwa karibu ile ile kutoka barua hadi barua. Hakuna aliyelalamika kwamba ameamkuliwa kwa maneno ya kukopa. Kila salamu ni chapa ya zamani. Kinachoifanya iwe yangu ni kwamba imeelekezwa kwangu, na mtu ninayemjua, aliyeisimamisha shughuli yake kidogo kwa ajili yangu.

Kwa hivyo kosa la lile shirika halikuwa kutumia mtambo. Kosa lilikuwa kuziba nafasi mbili ambazo Cole aliziacha wazi. Siku hizi kadi za karatasi zimepungua, na wengi wetu hupokea salamu katika simu na kuzisukuma mbele kwa watu 50 kwa mguso mmoja wa kidole. Jina la mpokeaji halimo, na mara nyingine hata la mtumaji wa kwanza halijafutwa. Hali ni ile ile.

Mimi ninayo kadi moja ambayo sitaiuza hata kwa pauni hizo 20,000. Nilipokaribia kufanya mtihani wa kidato cha nne, nyanya yangu alininunulia sokoni kadi ya kunitakia heri. Alikuwa amejifunza kusoma uzeeni, katika darasa la ngumbaru. Maneno yaliyochapishwa ndani yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo yeye hakuijua, na nina hakika hakuna aliyemfasiria. Chini yake aliandika jina langu kwa herufi kubwa zilizopinda, akaruka moja. Kisha akaongeza kwamba mbuzi wangu amezaa pacha. Yale ya Kiingereza sikumbuki yalisema nini, na kila niifunguapo kadi hiyo macho hayaendi huko.

Wahenga walinena kwamba barua ni nusu ya kuonana. Basi sikukuu zijapo, ziwe za Krismasi au za Idi, msomaji asione haya kununua kadi iliyopigwa chapa, wala kutuma salamu ya simu iliyotungwa na mwingine. Ila kabla ya kuifunga bahasha au kubonyeza, na aandike jina la anayemtumia, jina lake mwenyewe, na jambo moja ambalo mtambo haungeweza kulijua. Hata kama ni habari za mbuzi.