Mwalimu Aliyegeuzwa Shujaa

Kila nisikiapo habari za wimbo wa Wamarekani unaomsifu William Quantrill kuwa aliwapora matajiri akawafaa maskini, hustaajabu. Mtu huyu, mzaliwa wa Ohio mwaka 1837, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kushika bastola. Ndiyo, mwalimu kama sisi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, aliongoza genge lililopigania Kusini, upande wa wenye watumwa. Alfajiri ya Agosti 21, 1863 waliuvamia Lawrence, Kansas, mji wa wapinga utumwa. Waliwaua wanaume na wavulana wapatao 150, wengi wao hawana silaha, na kuteketeza nyumba na maduka. Wajane walizika. Quantrill alipigwa risasi huko Kentucky, akafa Juni 1865, umri wake miaka 27.